Utambuzi wa juu au utambuzi wa ndani: jinsi mzizi wa nyanya unavyomgundua mnyoo fundo, na lipi la kutegemea Tabora

Anayelima nyanya kwenye mabonde ya Tabora wakati wa kiangazi, hasa mahali ambapo shamba limewahi kuwa la tumbaku, hukutana dukani na ahadi za aina mbili kuhusu minyoo fundo, wale minyoo wadogo wa udongoni wanaovimbisha mizizi. Ya kwanza iko kwenye pakiti ya mbegu, inayosema kwamba aina hiyo ni kinzani dhidi ya minyoo. Ya pili iko kwenye chupa na mifuko ya bidhaa zinazosemekana kuamsha kinga ya mmea. Ahadi zote mbili zinaweza kuwa za kweli, lakini hazizungumzii jambo moja. Mbegu kinzani hutegemea utambuzi unaofanyika ndani ya seli ya mzizi, ilhali bidhaa za kuamsha kinga hutegemea, kwa sehemu kubwa, utambuzi unaofanyika juu ya utando wa seli. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni lini kila moja itafanya kazi na ni lini itamwacha mkulima mikono mitupu, kwa hiyo inastahili kueleweka kabla ya kulinganisha bei.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa nyanya ya kiangazi katika mkoa huu, mbegu yenye utambuzi wa ndani ndiyo ya kuanza nayo, ila kwa masharti ya joto na ya mzunguko wa mazao ambayo pakiti haiyataji.

Mnyoo na seli anazozitafuta

Minyoo fundo ni wa jenasi ya Meloidogyne, na wanaosumbua zaidi katika nchi za joto ni Meloidogyne incognita, M. javanica na M. arenaria. Anayeshambulia ni lava wa hatua ya pili, ambaye ametoka tu katika yai na ana urefu wa takriban milimita 0.4, kwa hiyo haonekani shambani kwa macho matupu. Haingii popote palipo wazi. Huingia karibu na ncha ya mzizi, mahali ambapo seli bado ni laini, akapenya katikati ya seli bila kuzipasua sana, akashuka mpaka kwenye ncha yenyewe, kisha akageuka na kupanda ndani ya kitovu cha mzizi penye mirija ya maji na chakula. Akifika hapo huchoma seli chache kwa sindano iliyo mdomoni mwake na kuziingizia mate yenye protini. Seli hizo, ambazo kwa kawaida ni tano hadi saba, huanza kugawanya viini vyake bila kujigawa zenyewe, zikakua kupita kiasi na kuwa seli jitu zenye viini vingi, zinazovuta chakula cha mmea kwa ajili ya mnyoo. Tishu zinazozizunguka nazo huvimba, na uvimbe huo ndio fundo tunaloliona.

Mkulima akiosha mzizi wenye mafundo katika ndoo ya maji na kuutazama kwenye mwanga, ataona juu ya baadhi ya mafundo vidonge vidogo vya ute wa rangi ya kahawia, vidogo kuliko kichwa cha pini. Kila kidonge kinabeba mayai ya jike mmoja, nayo huhesabika kwa mamia. Huo pia ndio wakati wa kuhakikisha kwamba mtu hachanganyi mambo. Vinundu vya bakteria kwenye mizizi ya karanga au kunde hung'oka kwa kusuguliwa kwa kidole, na kikipasuliwa kinundu kilicho hai huwa chekundu au cha waridi ndani. Fundo la mnyoo haling'oki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba.

Jambo la kushikilia katika maelezo hayo ni kwamba jike akishaanza kula hawezi tena kuhama. Maisha yake yote, takriban wiki nne tangu yai hadi yai katika udongo wa nyuzi 27 hivi, yanategemea seli chache zibaki hai. Kwa hiyo mmea una njia mbili za kumshinda: kumdhoofisha na kumzuia asifike kwenye kitovu cha mzizi, au kuziua seli alizozichagua ili afe njaa palepale. Utambuzi wa juu huelekea zaidi kwenye njia ya kwanza, na utambuzi wa ndani kwenye ya pili.

Upande wa juu

Kwenye utando wa nje wa seli za mzizi kuna protini zinazoitwa vipokezi, ambazo sehemu yake moja imejitokeza nje na nyingine iko ndani ya seli. Kazi yake ni kunasa molekuli ambazo mvamizi hawezi kuishi bila kuzitoa. Kwa minyoo, molekuli muhimu za aina hiyo ni askarosaidi, ambazo ni sukari iliyounganishwa na mnyororo wa asidi ya mafuta. Minyoo huzitumia kuwasiliana wao kwa wao, kwa mfano kuhusu msongamano na kujamiiana. Mwaka 2015 watafiti wa taasisi ya Boyce Thompson iliyoko Ithaca, Marekani, wakiongozwa na Daniel Klessig na Frank Schroeder, walionyesha kwamba askarosaidi namba 18, ambayo ndiyo nyingi zaidi kwa minyoo wanaoshambulia mimea, huamsha kinga katika nyanya, viazi mviringo, shayiri na Arabidopsis, ule mmea mdogo wa jamii ya kabichi unaotumiwa sana maabara. Kiasi kinachotosha kuamsha kinga hiyo ni kidogo mno. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Bonn, Ujerumani, lilitangaza kipokezi cha Arabidopsis kinachoitwa NILR1, ambacho kikikosekana mmea hushambuliwa zaidi na minyoo, na mwaka 2023 ikaonyeshwa kwamba kipokezi hicho hushikana na askarosaidi hiyohiyo.

Kipokezi kikishanasa kitu, mambo huenda haraka. NILR1 huungana na protini mwenza iitwayo BAK1, milango ya kalisi hufunguka na kalisi kuingia ndani ya seli, vimeng'enya vya kwenye utando huanza kutengeneza aina kali za oksijeni kama vile haidrojeni peroksaidi, na mnyororo wa protini zinazoamshana hupeleka habari mpaka kwenye kiini, ambako jeni za kinga huwashwa. Ukuta wa seli huongezewa kalosi, aina ya kabohaidreti, na kuwa mgumu kupenya. Maji ambayo minyoo wamekaa ndani yake kwa muda, hata baada ya minyoo wenyewe kuchujwa, yanatosha kuamsha mwitiko huo kwenye mmea.

Vipokezi vya juu hunasa pia dalili za uharibifu, yaani vipande vya ukuta wa seli za mmea wenyewe, na molekuli za ATP, zile zinazobeba nishati ya seli, zinazovuja kutoka kwenye seli zilizopasuka. Hapa minyoo fundo wana faida inayosikitisha. Minyoo wa jamii nyingine, wale wanaotengeneza vifuko vya mayai na kushambulia viazi mviringo au soya, hupita ndani ya seli na kuzipasua njiani, hivyo huacha ushahidi mwingi. Minyoo fundo hupita katikati ya seli, na ushahidi wanaouacha ni mchache. Juu ya hayo, mate yao yana protini za kuzima mwitiko wa mmea. Mojawapo ni kalretikulini, protini yenye uwezo wa kushika kalisi, ambayo M. incognita huitoa katika nafasi zilizo nje ya seli na ambayo imeonekana kuudhoofisha mwitiko huo.

Ndiyo maana utambuzi wa juu, pamoja na upana wake wote, mara nyingi hupunguza idadi ya minyoo wanaofaulu bila kuwamaliza. Mmea ambao kinga yake imeamshwa bado utakuwa na mafundo, ila machache zaidi.

Upande wa ndani

Historia ya ukinzani wa nyanya dhidi ya minyoo fundo ilianza na nyanya pori ya Peru, Solanum peruvianum. Nyanya hiyo haichavushani kirahisi na nyanya ya kawaida, kwa sababu kiinitete kinachopatikana hufa kabla mbegu haijakomaa. Mwaka 1944 mtafiti wa California, P. G. Smith, alifanikiwa kuokoa kiinitete cha mchanganyiko huo kwa kukikuza maabara, na karibu ukinzani wote wa minyoo fundo uliomo katika mbegu za nyanya za biashara leo umetokana na mchanganyiko huo. Jeni yenyewe, Mi-1.2, ilitengwa mwaka 1998. Iko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 6, na protini inayotokana nayo haikai kwenye uso wa seli. Inakaa ndani, ikisubiri athari za mate ya mnyoo ndani ya seli, na ikishaamka hutegemea protini msaidizi inayoitwa NRC4 ili ujumbe wake uwe na matokeo.

Matokeo hayo ni kifo cha makusudi. Ndani ya siku moja hivi tangu minyoo waingie, seli zinazozunguka kichwa cha mnyoo, zile ambazo angezigeuza kuwa seli jitu, hukauka na kufa. Mzizi hupoteza seli chache na hausikii hasara kubwa. Mnyoo anakosa pa kulia, na kwa kuwa hajapata chakula cha kumkuza, hafikii hatua ya kutaga. Kwa mkulima hilo ndilo la thamani kuliko yote: licha ya kuponya nyanya ya msimu huu, utambuzi wa ndani hupunguza mayai yanayobaki kwenye udongo wa msimu ujao.

Nguvu hii inaambatana na uchaguzi mkali. Protini za ndani hutambua mvamizi fulani, wakati mwingine kwa kipimo cha ajabu. Katika viazi mviringo, protini ya Gpa2 hutambua protini ya mate ya mnyoo Globodera pallida iitwayo RBP-1, na utambuzi huo unategemea asidi amino moja tu: ikiwa mahali pa 187 pana prolini, mmea unaitambua; ikiwa pana serini, mnyoo anapita bila kushtukiwa. Mi-1.2 nayo hukinza M. incognita, M. javanica na M. arenaria, lakini haikinzi M. hapla, ambao ni wa maeneo ya baridi, wala M. enterolobii, ambao ni wa joto na wameripotiwa katika nchi kadhaa za Afrika. Jambo la kushangaza ni kwamba jeni hiyohiyo huwapunguza pia inzi weupe na aina moja ya vidukari. Hata hivyo, nisingemshauri mtu aitegemee dhidi ya inzi weupe, kwa sababu nguvu yake kwao si kamili na ugonjwa wa rasta wanaoueneza, ule wa virusi unaokunja majani, hauhitaji inzi wengi.

Mgawanyo huu wa juu na ndani hauna ukuta mnene kati yake. Nyanya ina kipokezi cha juu kiitwacho Cf-2, kilichojulikana kwanza kwa kukinza kuvu ya majani. Kipokezi hicho hakimnasi mvamizi mwenyewe. Hulinda kimeng'enya cha mmea kinachoitwa Rcr3, na kimeng'enya hicho kikiguswa, kipokezi huamsha kifo cha seli. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba protini ya mnyoo Globodera rostochiensis hukigusa kimeng'enya hichohicho, hivyo mlinzi mmoja hukinza kuvu kwenye jani na mnyoo kwenye mzizi. Nalitaja kwa sababu wauzaji hupenda kusema kwamba kinga ya juu ni dhaifu daima na ya ndani ni imara daima, jambo ambalo si sahihi.

Mahali zinapoachana

Kwa upana, utambuzi wa juu unashinda bila ubishi. Askarosaidi hutolewa na minyoo wa jamii nyingi, na ni vigumu kwa mnyoo kuacha kutoa molekuli ambayo maisha yake yanaihitaji. Mi-1.2 haina upana huo, na kuna hatari nyingine inayotokana na matumizi yetu wenyewe: ikipandwa mbegu ileile yenye jeni hiyo katika tuta lilelile msimu baada ya msimu, minyoo wachache wanaoweza kuikwepa ndio wanaozaa, na hatimaye wao ndio wanaobaki. Hili limetokea katika nchi nyingi, ingawa minyoo fundo wa aina tatu nilizozitaja huzaliana bila dume na mtu angetegemea wabadilike polepole.

Kwa nguvu, upande wa ndani unashinda, na kwa gharama pia. Mmea wenye Mi-1.2 hauui seli zake mpaka mnyoo afike, lakini mmea unaolazimishwa kuweka kinga ya juu macho muda wote hupunguza kukua. Bidhaa ya kuamsha kinga inayopigwa mara kwa mara kwenye miche isiyo na mnyoo hata mmoja inaweza kumgharimu mkulima fedha na ukuaji kwa wakati mmoja.

Kwa joto, mambo yanageuka, na kwa Tabora hapa ndipo pa kutulia. Mi-1.2 hupoteza nguvu udongo unapozidi nyuzi 28 hivi. Seli haifi kwa wakati, mnyoo anajenga seli zake jitu, na mafundo yanatokea kwenye nyanya iliyouzwa kuwa kinzani. Kinachohesabika zaidi ni siku za mwanzo baada ya mnyoo kuingia, kwa kuwa seli ikishakufa joto la baadaye haliwezi kuifufua. Kuna jeni nyingine, Mi-9, kutoka nyanya pori Solanum arcanum, ambayo huvumilia joto, ila mkulima asidhani kwamba mbegu yoyote yenye alama ya minyoo inayo jeni hiyo.

Kuchagua kwa kalenda ya Tabora

Mvua za Tabora huanza Novemba na kuisha Aprili au mapema Mei. Juni na Julai ndiyo miezi ya ubaridi, na Septemba na Oktoba udongo wa kichanga ulio wazi hupata joto kali. Mbegu yenye utambuzi wa ndani ifuate kalenda hiyo. Miche ikihamishiwa shambani Mei au mapema Juni, mizizi michanga inakutana na minyoo wakati udongo una ubaridi na jeni ina nguvu, na mavuno makubwa yanakuwa yamepita kabla ya joto la mwisho wa kiangazi. Anayehamisha miche mwishoni mwa Agosti ili awahi bei nzuri analipia jeni ambayo huenda isifanye kazi siku anazoihitaji. Kama hana budi, aweke matandazo mazito ya nyasi kavu kuanzia siku ya kuhamisha, amwagilie asubuhi na jioni, na apime joto la udongo kwa kipimajoto kwenye kina cha mizizi saa za mchana badala ya kukisia.

Kitalu kisisahaulike. Mche wenye jeni nzuri uliokuzwa kwenye udongo wenye minyoo chini ya jua kali hufika shambani ukiwa tayari na mafundo, na hapo hakuna jeni itakayorudisha nyuma.

Shamba lililotoka kwenye tumbaku linahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu tumbaku na nyanya ni za jamii moja na hushambuliwa na minyoo walewale. Tumbaku ina jeni yake ya ukinzani, iitwayo Rk, inayokinza baadhi ya makundi ya M. incognita lakini si M. javanica, kwa hiyo tumbaku iliyoonekana safi si uthibitisho kwamba udongo ni safi. Mahindi nayo yanaweza kuwalisha minyoo bila kuonyesha mafundo makubwa. Katika mazao ya kawaida ya Urambo, Sikonge na Uyui, karanga ndiyo ningeipendelea kutangulia nyanya, kwa kuwa M. incognita hawazaliani juu yake na M. javanica wengi pia hushindwa.

Bidhaa za kuamsha kinga ya juu nina nafasi moja tu ya kuzipa kwa sasa: shamba ambalo mbegu kinzani imekwisha kushindwa, ama kwa joto ama kwa aina ya mnyoo asiyetambuliwa, na ambako kupunguza mashambulizi kwa sehemu ni bora kuliko kutopunguza kabisa. Hata hapo, zitumike wakati wa kitalu na wiki za kwanza shambani, na tuta moja liachwe bila bidhaa ili mkulima aone tofauti kwenye mizizi kwa macho yake.

Kwenye pakiti, tafuta herufi N katika mfuatano kama VFN, au herufi Ma, Mi na Mj, ambazo zinawakilisha arenaria, incognita na javanica. Alama ya HR humaanisha ukinzani mkubwa, na IR ukinzani wa kati. Anayehifadhi mbegu kutoka kwenye nyanya chotara ajue kwamba, ikiwa ni mzazi mmoja tu wa chotara huyo aliyekuwa na jeni, robo ya miche ya kizazi kinachofuata haitakuwa nayo, na miche hiyo italeta mayai kwa wengine wote.

Mbegu iliyonunuliwa mpya ikitoa mafundo ingawa udongo ulikuwa wa ubaridi, inabaki sababu kubwa mbili: minyoo wa hapo wamejifunza kuikwepa jeni, au ni aina ambayo jeni haiitambui, kama M. enterolobii. Kwa macho mtu hawezi kuzitenganisha. Chimba mizizi pamoja na udongo wake wenye unyevu kutoka kwenye mimea kadhaa, uweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, uandike zao na sehemu ulipotoa, uuhifadhi kivulini, na umpelekee afisa ugani au watafiti wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) walioko Tumbi, magharibi mwa mji wa Tabora, wakuelekeze pa kupimwa. Sampuli ifike ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu minyoo waliokaukia juani hawawezi kutambuliwa vizuri.